Miti Tumeihesabu, Samaki Je?

Katika kikao kimoja cha kikundi cha upandaji mikoko hapa Bagamoyo, katibu alisoma idadi ya miche iliyopandwa kandokando ya mlango wa mto Ruvu, akataja na asilimia ya ile iliyoshika. Alipomaliza, mvuvi mmoja mtu mzima aliomba nafasi akasema: "Katibu, mwanangu, miti mmeihesabu vizuri, Mungu awalipe. Samaki nani kawahesabu?" Watu walicheka. Mwekahazina akamjibu kwa upole: "Mzee wangu, fedha ya kumhesabu samaki ndiyo hiyohiyo fedha ya viriba." Kikao kikahamia ajenda nyingine, nami nikatoka nikiamini kwamba wote wawili walikuwa na haki, na kwamba ubishi wao haukustahili kuishia katika kicheko. Swali hilo limekwisha kuulizwa kwa zaidi ya miaka 60 mahali pengine, juu ya samaki mwingine, na majibu yaliyopatikana huko yanatufaa kuliko tunavyodhani, ingawa hayatufai yote.

Samaki huyo ni samoni wa mito inayomwaga maji katika Pasifiki, magharibi mwa Marekani na Kanada. Tuchukue aina moja tu, koho. Jike hutaga mayai katika changarawe ya kijito. Vitoto vikianguliwa hukaa katika maji baridi kwa mwaka mmoja na zaidi, vikijificha kwenye vidimbwi na chini ya magogo. Kisha miili yao hubadilika, magamba yakang'aa kama fedha, na kundi zima likateremka na mkondo hadi baharini. Huko hukaa kama mwaka mmoja na nusu, na wanapofikisha umri wa miaka 3 hivi hurudi katika mto walikozaliwa, wakataga na kufa. Kambamiti wetu hufanya kinyume: hutaga baharini, na watoto wake, wadogo kama punje za mchele, ndio wanaoingia na maji ya kujaa katika mahori, yaani vijito vya maji ya bahari, yenye mikoko, wakakulia humo kabla ya kurudi kwenye kina. Mwatiko naye huingia mahorini angali mchanga. Wanachofanana na samoni ni kwamba sehemu ya utoto wao hupita mahali pembamba, karibu na mikono ya binadamu, ambapo uharibifu ni rahisi na ambapo matengenezo nayo, kwa kiasi fulani, yanawezekana. Kule walioharibu ni wakata magogo, wajenga mabwawa na wanyoosha mito; huku ni mashamba ya chumvi, boriti, mkaa na matanuri ya chokaa.

Wanaotaka samaki wahesabiwe wana ushahidi mmoja ambao mimi huuona mzito kuliko mwingine wote, nao ni habari ya magogo. Kwa miongo kadhaa katikati ya karne iliyopita, maofisa wa misitu na uvuvi wa eneo hilo la Marekani walikuwa wakiondoa magogo yaliyolala mitoni. Waliamini kwa moyo safi kwamba yanaziba njia ya samoni wanaopanda kwenda kutaga. Kazi hiyo iliitwa usafi wa mto, na ilipimwa kwa kilometa zilizosafishwa. Baadaye, watafiti walipoanza kuwahesabu samaki wachanga kidimbwi kwa kidimbwi, wakakuta kwamba magogo yaleyale ndiyo yaliyokuwa yakichimba vidimbwi, yakishika changarawe ya kutagia na kuwapa watoto wa koho maficho wakati wa mafuriko ya majira ya baridi. Leo serikali na mashirika ya huko wanalipa helikopta na mashine nzito kurudisha mitoni magogo ambayo kizazi kilichowatangulia kililipwa kuyatoa. Hakuna aliyekuwa mwizi katika habari hii, wala mvivu. Walipima kazi yao wakaacha kupima matokeo yake, basi.

Tukisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, huwa tunamfikiria mwenye duka. Lakini hata wenye fedha nyingi hufanya hivyohivyo mitoni. Mwaka 2005 kundi la wanasayansi wa Marekani lilichapisha matokeo ya kukusanya kumbukumbu za miradi ya kurejesha mito nchini mwao: miradi zaidi ya 37,000, na ni asilimia 10 tu ya kumbukumbu hizo iliyoonyesha kwamba ufuatiliaji wa namna yoyote ulifanyika. Mabilioni ya dola yalikwisha kutumika. Nikikumbuka takwimu hiyo sioni sababu ya kukionea aibu kikundi chetu, ambacho angalau kimehesabu miche.

Upande huo una ushahidi wa pili, nao unatoka mjini. Katika miaka ya 1990 vijito vilivyopita ndani ya mji wa Seattle vilitengenezwa upya, kikiwamo kijito kiitwacho Longfellow Creek: kingo zikapandwa miti, vizuizi vikaondolewa, samoni wakaanza kurudi. Waliotumwa kufuatilia mafanikio wakakuta koho wakubwa wakiyumba majini kama walevi na kufa ndani ya saa chache, matumbo yamejaa mayai ambayo hayajatagwa. Katika baadhi ya miaka waliokufa hivyo walikuwa zaidi ya nusu ya wote waliorudi. Makazi yalikuwa mazuri kwa macho. Maji ndiyo yaliyokuwa na sumu, tena kila mvua iliponyesha. Ilichukua takriban miaka 20 kuitambua sumu yenyewe. Ilipotangazwa mwishoni mwa 2020, ilionekana ni kemikali inayotokana na dawa inayochanganywa katika mpira wa matairi ili usichakae upesi; tairi likisagika barabarani, mvua huibeba hadi kijitoni. Kama wangehesabu miti tu, mradi ungeandikwa kuwa umefaulu na ukafungwa.

Upande wa mwekahazina, hata hivyo, hauna upungufu wa hoja, na ya kwanza si ya fedha. Ni kwamba kuhesabu kunaweza kudanganya, na takwimu ya uongo ni mbaya kuliko kukosa takwimu kwa sababu inatembea na mhuri. Katika jimbo la Colorado watafiti waliweka magogo katika sehemu za mito 6 na kuacha sehemu nyingine za mito hiyohiyo kama zilivyokuwa, kisha wakawafuatilia trauti, jamaa wa samoni, kwa miaka kadhaa. Trauti waliongezeka palipowekwa magogo. Mfadhili yeyote angefurahi. Lakini kwa kuwa samaki walikuwa wametiwa alama, ilidhihirika, katika matokeo yaliyochapishwa 1996, kwamba ongezeko lilitokana hasa na samaki waliohamia hapo kutoka sehemu nyingine za mto, si kwamba walizaliwa wengi zaidi au walikufa wachache zaidi. Wavuvi wa Bagamoyo wanalijua jambo hili bila kusoma jarida lolote: ukizamisha matawi baharini, samaki watakusanyika, na hakuna mwenye akili atakayedai kwamba matawi yamewazaa. Kwa hiyo mtu anayetupa wavu mara moja kwenye hori lililopandwa, akapata kambamiti wachanga mia mbili, akapiga picha na kuandika kwamba mikoko imerudisha kamba, hajathibitisha lolote zaidi ya kwamba siku hiyo walikuwapo.

Hoja ya pili ni ya kiasi, nayo ndiyo inayonisumbua zaidi. Idadi ya samaki wachanga hupanda na kushuka yenyewe mwaka hadi mwaka kwa kiwango kikubwa mno. Mwaka wa mafuriko si kama wa ukame. Mwaka ambao bahari ina chakula si kama ambao haina. Badiliko dogo lililoletwa na mradi humezwa na mawimbi hayo. Mwaka 2010 watafiti wa samoni walilipigia hesabu jambo hili kwa kutumia bonde la mfano katika ukanda wa Puget Sound, jimboni Washington. Waliona kwamba miradi mingi ya ufuatiliaji haiwezi kugundua ongezeko lililo chini ya asilimia 25 la watoto wanaoteremka baharini, na kwamba ili kulifikia ongezeko hilo ingebidi kurejesha takriban asilimia 20 ya makazi yote ya samaki katika bonde. Miradi mingi haikaribii hapo hata kidogo. Maana yake ni kwamba mradi mdogo unaweza kuwa mwema kweli, ukawanufaisha samaki kweli, na ufuatiliaji wake ukarudisha jibu la "hatuoni tofauti". Kikundi cha kijiji chenye ekari chache za mikoko, kikilazimishwa kuthibitisha kwamba kambamiti wa Ruvu wameongezeka kwa sababu yake, kinaandaliwa kushindwa mtihani ambao haukuwa wake.

Kuna na suala la muda. Kama koho hutimiza mzunguko wake kwa miaka 3, basi miaka 10 ya kuhesabu, ambayo ni mingi kuliko umri wa mradi wowote wa ufadhili ninaoujua, ni vizazi vitatu tu. Kambamiti ana nafuu kwa kuwa maisha yake ni mafupi na watoto wapya huingia kila mwaka. Lakini mkoko hauna haraka hiyo. Mche uliopandwa leo hautakuwa na mizizi ya kumficha mtoto wa kamba mpaka ipite miaka kadhaa, wakati ambapo mradi umekwisha kufungwa, gari limerudishwa na mtaalamu amehamia mkoa mwingine.

Nitalipita haraka suala la madhara ya kuhesabu, ingawa lipo: kumshika samaki mchanga, kumpiga na umeme hafifu ili azimie ahesabike, au kumtia kidude cha namba tumboni, kote huua baadhi yao, na kwa samoni walio hatarini kutoweka watafiti wa Marekani hutakiwa kuwa na kibali. Kwetu tatizo ni la namna nyingine, nalo lina kichekesho ndani yake. Wavu wa kumnasa kamba mchanga lazima uwe na matundu madogo kama ya chandarua, na wavu wa namna hiyo ndio hasa unaokatazwa na kanuni za uvuvi. Mtafiti ataonekana akifanya mchana kweupe, kwa kibali, kitu ambacho mama anayetanda uduvi hunyang'anywa wavu kwa kukifanya. Asipokwenda kwanza kuzungumza na kina mama hao, ambao wanayajua mahori na majira ya samaki wachanga kuliko yeye, atakuwa ameanza vibaya.

Je, ubishi huu umepata kutatuliwa popote? Kwa sehemu, ndiyo. Kilichobadilika kwa watu wa samoni ni namna ya kuuliza. Badala ya kudai kila mradi uhesabu samaki, tangu miaka ya mwanzo ya 2000 majimbo ya Washington, Oregon na Idaho yamechagua mabonde machache yafuatiliwe kwa kina na kwa muda mrefu, kazi ya urejeshaji ikarundikwa humo kwa wingi ili badiliko, kama lipo, liweze kuonekana. Walibadilisha na kinachohesabiwa. Si samaki wakubwa wanaorudi, kwa maana hao bahari imekwisha kuwapunguza au kuwaongeza kwa sababu zisizohusu kijito. Ni watoto wanaotoka mtoni kuelekea baharini. Huwanasa kwa pipa lenye mabamba yaliyojisokota linaloelea na kuzungushwa na mkondo wenyewe, wakawahesabu, wakawapima na kuwaachia. Baadhi hutiwa kidude cha kioo chenye urefu wa milimita 12 hivi, ambacho antena iliyolazwa mtoni husoma namba yake kila samaki anapopita. Kwa njia hiyo hujua si tu wako wangapi bali ni wangapi waliosalimika tangu walipotiwa alama, na hapo ndipo swali la Colorado, yaani wamezaliwa au wamehamia, linapojibika.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni Bridge Creek, kijito cha Oregon kilichokuwa kimejichimba chini mpaka kikaachana na bonde lake. Kuanzia 2009 zilijengwa humo safu zaidi ya 100 za nguzo zilizofumwa kwa matawi, kuiga na kusaidia mabwawa ya biva, mguguna ambaye kwa asili huziba vijito. Biva wakaja wakamalizia kazi. Kijito jirani kikaachwa bila kuguswa kwa ajili ya kulinganisha, na vyote viwili vilikuwa vimekwisha kuhesabiwa kwa miaka kadhaa kabla ya nguzo ya kwanza. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba trauti wachanga wa aina inayokwenda baharini waliongezeka kwa wingi, na pia katika kusalimika, kulinganisha na kijito jirani. Naomba msomaji asikimbilie nguzo na biva. Kilichoyapa matokeo hayo nguvu ni mambo mawili: hesabu ya kabla, na kijito kisichoguswa.

Sasa turudi Ruvu, ambako mambo haya mawili ndiyo tunayoyakosa. Kamba wa hapa huyumba na mvua: masika ikiwa nzuri, maji baridi yanashuka kwa wingi mlangoni na msimu unakuwa wa neema; ikikatika, kila mtu analalamika. Tena mto huu ndio unaonywesha Dar es Salaam kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na bwawa la Kidunda lililobuniwa huko juu kwa ajili ya maji ya jiji litabadilisha namna maji yanavyoshuka majira ya masika na ya kiangazi. Ongeza uvuvi wenyewe: meli za kukokota nyavu za kambamiti zilisimamishwa mwishoni mwa 2007, na kila uamuzi wa namna hiyo, wa kufunga au kufungua, huacha alama yake katika idadi ya kamba. Ikiwa katika kipindi kimoja meli zimeondoka, mvua zimekuwa nzuri na mikoko imepandwa, sifa ya kambamiti walioongezeka apewe nani? Kila mmoja ataichukua. Na mwaka wakipungua, kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole.

Kwa hiyo rai yangu inaegemea kwa mwekahazina kuhusu vikundi, na kwa mzee kuhusu mto. Kikundi cha kijiji kisidaiwe samaki. Kihesabu miche iliyo hai baada ya mwaka wa kwanza, wa tatu na wa tano, na kiandike imepandwa wapi, kwa sababu hata hilo halifanywi ipasavyo. Huko Ufilipino, ambako mikoko imepandwa kwa miongo mingi na kwa fedha nyingi, miche iliyosalimika kwa muda mrefu ni asilimia 10 hadi 20 tu, kwa sababu aghalabu ilipandwa kwenye tope wazi linalozama mno, mahali ambapo mkoko wenyewe haukuwahi kuchagua kuota. Hesabu ya miti ikifanywa kwa uaminifu itagundua kosa hilo bila wavu wala mtaalamu, na ndilo kosa linalotokea mara nyingi zaidi.

Mto, kwa upande wake, uhesabiwe, na uhesabiwe sasa, kabla maji yake hayajabadilishwa, maana hesabu ya kabla haiwezi kufanywa baada. Wala haihitaji pipa la kuzunguka. Wavuvi wa pwani hii wana wando, uzio wa fito unaowasubiri samaki maji yanapokupwa. Ni mtego uleule wa watu wa samoni, ila unatumia maji ya kupwa badala ya mkondo wa mto. Wando mdogo wenye wavu mwembamba kwenye mdomo wa hori, ukiwekwa bamvua ileile ya kila mwezi, katika kusi na katika kaskazi, na samaki wakaachiliwa baada ya kuhesabiwa, utatoa daftari ambalo baada ya miaka 5 litakuwa na maana. Chuo cha uvuvi kipo hapahapa Mbegani, kina wanafunzi wanaohitaji mazoezi kila mwaka, na wanafunzi wana sifa moja ambayo miradi haina: hawamaliziki ufadhili ukikoma, huja wengine. Najua pingamizi, kwamba mwanafunzi huhesabu kwa uzembe na mkufunzi akihama daftari hupotea kabatini. Ni pingamizi la kweli, na dawa yake ni nakala ya daftari kukaa kijijini kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ikisomwa hadharani mara moja kwa mwaka mbele ya watu wenye uwezo wa kusema, "Hapana, mwezi ule kamba walikuwa tele, hesabu hii si ya kweli."

Linabaki jambo la hori lisiloguswa, nalo ndilo gumu kuliko fedha. Katika utafiti wa bonde la Alsea huko Oregon, uliofanyika kati ya 1959 na 1973 ili kupima athari za ukataji miti kwa samoni wachanga, vijito vilikuwa vitatu, na kimoja, Flynn Creek, hakikuguswa kabisa kwa miaka yote 15. Bila hicho, viwili vingine visingekuwa na maana. Ila Flynn Creek ilikuwa msitu. Haikuwa na watu wa kuuliza kwa nini wao wameachwa. Mahori ya Ruvu yana wenyewe. Nilipomweleza mzee yule baada ya kikao kwamba, ili swali lake lijibiwe, hori moja lililokatwa mikoko litapaswa kuachwa miaka kumi bila kupandwa huku jirani zake wakipandiwa, alinyamaza kidogo, kisha akauliza hori hilo litakuwa la nani.